Kielelezo Kijaribiwe Kabla ya Kuaminiwa
Mashauri kwa wanaofuma kwa sindano na kwa kulabu

Kazi ya kufuma kwa sindano mbili, ile wengi wanayoiita triko, na kazi ya kulabu moja, ile inayoitwa kroshe, zimeingia katika nyumba nyingi za nchi yetu. Katika milima ya Kivu, ambako ukungu hulala mabondeni na baridi ya alfajiri hupenya hata blanketi, kofia na sweta ya mtoto si pambo tu, ni ulinzi. Akina mama wanafuma kwa ajili ya watoto wao, wanafuma kusudi wauze sokoni, na wengine wamejiunga katika vikundi wapate kupokea kazi kubwa, kama vile sweta za wanafunzi wa shule nzima.

Lakini mara nyingi twaona jambo la kusikitisha. Mama amenunua sufu kwa fedha ya maharagwe yake. Amefuma majuma matatu, jioni kwa jioni, baada ya kazi ya shamba na ya jikoni. Siku ya kumvika mtoto, tazama, kofia haipiti kichwani. Je, mama huyu ni mvivu? Hapana. Je, mikono yake haijui kazi? Inajua sana. Kosa lilikuwa ndani ya karatasi aliyoifuata, au katika tofauti iliyopo kati ya mkono wake na mkono wa yule aliyeandika karatasi ile. Hakuna aliyemwambia kwamba kielelezo, kama chombo cha mvuvi, hujaribiwa karibu na pwani kabla ya kukabidhiwa roho za watu.

Huenda wengine watatuuliza: mwalimu ana haki gani ya kusema juu ya sufu na sindano? Twajibu kwamba kielelezo cha kufuma ni vitu viwili tu, maandiko na hesabu; na vitu hivyo viwili ndivyo kazi yetu ya kila siku. Tena kwa kuyaandika haya tumewasikiliza sana akina mama mafundi, ambao vidole vyao vina elimu kuliko vitabu.

Ustadi wa zamani

Msidhani kwamba ufumaji ni mchezo wa juzi. Huko Misri vimeonekana vipande vya nguo zilizofumwa kwa sindano zamani za Waislamu wa karne za kati. Katika Ulaya, mwaka 1400 hivi, mchoraji Bertram wa Minden alichora picha za altare ambazo leo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Kunsthalle, mjini Hamburg. Katika mojawapo Bikira Maria ameketi, anafuma kanzu ya Mtoto Yesu kwa sindano nne, akizunguka shingo yake. Mchoraji yule alijua vizuri alichokitazama. Nguo inayofumwa kwa kuzungushwa haina mshono. Nasi twakumbuka kwamba Mwinjili Yohane asimulia juu ya kanzu ya Bwana isiyokuwa na mshono.

Lakini mfano unaotufundisha zaidi ni ule wa Ireland. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Njaa iliyofuata iliua watu karibu milioni moja, na wengine milioni moja au zaidi waliikimbia nchi yao. Katika taabu ile Masista Waursulini wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana maskini kazi ya kulabu. Mwaka 1847, katika mji wa Clones upande wa kaskazini, Bibi Cassandra Hand, mke wa mchungaji wa Kianglikana, aliianzisha kazi hiyohiyo. Uzi mwembamba wa pamba na kulabu ndogo vilileta chakula katika nyumba zisizokuwa na kiazi hata kimoja.

Angalieni sasa namna walivyofanya kazi. Mmoja alifuma mawaridi, mwingine majani, mwingine aliunganisha vyote kwa wavu mwembamba, mpaka kola au rinda lilipokamilika. Waridi likiwa kubwa kupita kiasi, au jani likiwa limelegea, wavu ungevutwa upande mmoja na kazi yote ingepotoka. Basi mikono ya watu wengi ilipaswa kukubaliana katika kipimo kimoja. Hapo ndipo penye shina la maneno yetu ya leo.

Kipande cha majaribio

Kila kielelezo kizuri hutaja kipimo chake, kwa mfano hivi: vitanzi 20 na mistari 28 katika sentimita 10. Maana yake, mwandishi alipofuma kwa uzi wake na sindano zake, sentimita 10 za upana zilibeba vitanzi 20, na sentimita 10 za urefu zilibeba mistari 28. Watu wengi huruka neno hili kama wanavyoruka dibaji ya kitabu. Nalo ndilo neno la kwanza kwa ukubwa.

Tufanye hesabu. Sweta ya mtu mzima inatakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 92. Kwa kipimo tulichokitaja, itahitaji vitanzi 184. Mama mwenye mkono mlegevu anapata vitanzi 18 tu katika sentimita 10. Anaanzisha vitanzi 184 kama alivyoagizwa, anafuata kila neno kwa utii, na mwishoni sweta yake ina sentimita 102. Sentimita 10 zimezidi! Mwenzake, mwenye mkono wa kukaza, anapata vitanzi 23 katika sentimita 10. Sweta yake ina sentimita 80, nayo haivaliki. Wote wawili walitii. Karatasi ilikuwa ileile. Mikono ndiyo iliyotofautiana.

Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya kuanza, anzisheni vitanzi 30 hivi, mfume kipande cha mraba. Kisha kifueni kama nguo yenyewe itakavyofuliwa, kikaushwe juu ya meza bila kuvutwa, ndipo mhesabu vitanzi vya katikati, si vya pembeni, kwa maana pembe hudanganya. Vitanzi vikiwa vichache mno, chukueni sindano nyembamba zaidi, vikiwa vingi mno, chukueni sindano nene zaidi, mjaribu tena. Msijilazimishe kukaza au kulegeza mkono, kwani baada ya mistari michache mkono utarudi katika desturi yake. Badilisheni sindano, mkono uacheni.

Tena kuna jambo ambalo hata mafundi husahau. Wengi hukaza zaidi mstari wa upande wa mbele kuliko mstari wa upande wa nyuma. Kwa hiyo anayetaka kufuma kofia kwa kuzungusha, ambapo upande wa mbele tu ndio unaofumwa, afume na kipande chake cha majaribio kwa kuzungusha vilevile. Kipande kilichofumwa kwa kwenda na kurudi kitampa ushahidi wa uongo.

Wako watakaosema: kipande hiki kitakula uzi wangu na jioni yangu moja. Ni kweli. Lakini ni heri kupoteza jioni moja kuliko majuma matatu. Na uzi wa kipande waweza kufumuliwa ukatumika tena.

Majina yanayodanganya

Vielelezo vingi vinavyotufikia vimetoka nchi mbalimbali, na majina yake yana mitego. Sindano namba 8 katika hesabu ya zamani ya Uingereza ina unene wa milimita 4. Sindano namba 8 ya Marekani ina milimita 5. Namba ni moja, nguo ni mbili. Kwa hiyo tafuteni daima unene kwa milimita. Wale wanaotumia nyaya za gurudumu la baiskeli badala ya sindano za dukani wajue kwamba waya wa namna hiyo una unene wa milimita 2 hivi. Unafaa kwa uzi mwembamba, lakini hauwezi kushika nafasi ya sindano ya milimita 4.

Katika kroshe mtego ni mkubwa zaidi. Kuna kitanzi kifupi: unaingiza kulabu, unavuta uzi, vitanzi viwili vinakaa juu ya kulabu, unavipitisha vyote pamoja. Kuna na kitanzi kirefu: unazungusha uzi kwanza, unaingiza kulabu, unavuta, vitanzi vitatu vinakaa juu yake, nawe unavipitisha viwili, kisha viwili tena. Waingereza na Wamarekani wanatumia jina moja lenye maana ya "maradufu", lakini Mwingereza anakitaja kile kifupi, na Mmarekani anakitaja kile kirefu! Katika vitabu vya Kifaransa hatari hii haiko: kifupi kinaitwa maille serrée, yaani kitanzi kilichobanwa, na kirefu kinaitwa bride. Anayejaribu kielelezo aulize kwanza: karatasi hii imetoka nchi gani? Kama haijulikani, afume mistari mitatu na kuilinganisha na picha.

Hesabu kabla ya sindano

Jaribio la kwanza la kielelezo halihitaji uzi. Lahitaji kalamu. Hapo ndipo wanafunzi wetu wawezapo kuwasaidia mama zao kweli.

Tuchukue mfano wa kofia. Karatasi inasema: anzisha vitanzi 68, ukifika utosini, fuma 7, unganisha 2, ukarudie hivyo mpaka mwisho wa mzunguko. Mtoto wa shule na ahesabu. Saba na mbili ni tisa. Tisa mara saba ni 63. Vitanzi 5 vimebaki, navyo havina kazi. Karatasi hiyo ina kosa, au imeficha neno. Kama ingeanza na vitanzi 72, hesabu ingetimia: mafungu 8 ya vitanzi 9, na kila mzunguko wa kupunguza ungeondoa vitanzi 8, vibaki 64, kisha 56, kisha 48, mpaka utosi ufungwe vizuri.

Mfano wa pili ni mkono wa sweta. Umeanza na vitanzi 40, nao wahitaji kufika 60. Kila mara unaongeza kitanzi kimoja kila upande, yaani viwili. Basi utaongeza mara 10. Karatasi ikisema uongeze kila mstari wa sita, utahitaji mistari 60, ambayo kwa kipimo cha mistari 28 ni zaidi kidogo ya sentimita 21. Je, mkono wa mtoto wako, toka kiwiko cha mkono mpaka kwapani, una urefu huo? Kama hauna, kwapa litafika kabla ya nyongeza kwisha. Afadhali kulijua hilo kwenye karatasi kuliko kulijua kwenye sufu.

Bibi Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufariki Marekani mwaka 1999, aliwafundisha wafumaji wengi wasiwe watumwa wa karatasi. Aliwaambia wapime mzunguko wa kiwiliwili, wauzidishe kwa kipimo cha mkono wao, na hesabu hiyo waihesabu kuwa mia kwa mia. Kifundo cha mkono huchukua 20 kwa mia yake, na sehemu ya juu ya mkono huchukua theluthi yake au zaidi kidogo. Kiwiliwili kikiwa na vitanzi 200, kifundo kitakuwa na 40. Sheria hii yafaa pia kwa mjaribu: akikuta karatasi inayotoa vitanzi 80 kifundoni kwa kiwiliwili cha 200, na nguo si ya mikono mipana, atambue mara moja kwamba pana jambo.

Wajibu wa mwenye kujaribu

Sasa tuseme kikundi cha akina mama kimetunga kielelezo chake chenyewe, nacho chataka kukigawa kwa wafumaji 20. Nani akijaribu? Si yule aliyekitunga. Yeye anajua alichokusudia, na macho yake yatasoma neno ambalo hakuliandika. Apewe mtu mwingine ambaye hakuona kazi ikitungwa. Bora wapewe wawili: fundi mmoja na mwanafunzi mmoja. Fundi ataona makosa ya hesabu. Mwanafunzi ataona mahali ambapo maneno hayaeleweki. Na kama kielelezo kina vipimo vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, kila kimoja kijaribiwe, kwani mara nyingi kile cha kati ni sahihi na vingine viwili vimekisiwa.

Mjaribu na afuate karatasi neno kwa neno. Hapa twataka kusisitiza, kwa maana hapa wema wenyewe huleta madhara. Fundi mpole akikuta kosa hulisahihisha kimya, kwa heshima ya mwenzake, akaleta kofia nzuri na kusema: "Dada, karatasi yako ni njema." Amemheshimu mmoja, lakini wale 20 watakaofuata wataanguka shimoni. Mficha maradhi, kifo humfichua. Afadhali mjaribu asimame palepale, aandike mstari wa ngapi, kosa gani, vitanzi vingapi vimezidi au kupungua, kisha amwambie mwenzake kwa upole na bila mashahidi. Naye mtungaji asikasirike. Kazi ndiyo iliyohukumiwa. Yeye mwenyewe hakuhukumiwa.

Mjaribu aandike pia uzi alioutumia. Apime mafundo kwa mizani kabla ya kuanza na masalio baada ya kumaliza. Tofauti yake ndiyo kazi halisi. Jambo hili ni la haki hasa. Karatasi ikisema mafundo manne na kazi ikala matano, mama atarudi dukani na kukuta rangi ile imekwisha, au imebadilika kidogo, maana mafundo ya rangi moja hayakuchovywa yote katika chungu kimoja. Kwa sababu hiyo vibandiko vya mafundo vina namba ya uchovyaji. Nunueni yote ya namba moja, kwa siku moja.

Mashauri kwa mikono

Haya ndiyo tuliyoyakusanya kwa mafundi.

Pindo la mwanzo likikaza mno, anzisheni vitanzi kwa sindano nene zaidi, kisha mwendelee kwa sindano ya kazi.

Kabla ya kuingia katika mistari migumu yenye matundu au misuko, pitisheni uzi wa pamba wa rangi nyingine katika vitanzi vyote vya mstari mmoja ulio salama. Kosa likitokea juu yake, mtafumua mpaka kwenye uzi ule, wala hamtapita hapo.

Kitanzi kikiponyoka, kikamateni mara kwa pini, kisha kipandisheni kwa kulabu, ngazi kwa ngazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katika kroshe ya vitanzi virefu, vile vitanzi vitatu vya mnyororo vinavyoinua mstari huhesabiwa kuwa kitanzi cha kwanza. Anayesahau kuvifumia mwishoni mwa mstari unaofuata atapoteza kimoja kila mara, na mraba wake utageuka pembetatu.

Duara la vitanzi vifupi huanza na 6, kisha 12, kisha 18, na kila mzunguko huongezwa 6. Likijikunja kama bakuli, nyongeza hazitoshi. Likipepea kama ukindu, zimezidi. Kofia ya mtoto mchanga, ambaye kichwa chake kina mzunguko wa sentimita 35 hivi, yatakiwa kupungua kidogo kusudi ishike, tuseme 33. Gawanyeni 33 kwa 3.14, mtapata sentimita 10 na nusu. Duara likifikia upana huo, acheni kuongeza, mteremke moja kwa moja.

Nguo ya mtoto mchanga isiwe na utepe mrefu shingoni, wala matundu makubwa yanayonasa vidole, wala kifungo kilicholegea.

Mwisho, sufu ya kondoo isifuliwe kwa maji ya moto wala isisuguliwe, kwani itasinyaa na kuwa ngumu. Na uzi wa kiwandani usiokuwa sufu usipigwe pasi ya moto. Utalegea wala hautarudi tena.

Karatasi yenye kuaminika

Wapenzi wasomaji, huenda mtu ataona kwamba tumesema mengi juu ya jambo dogo. Lakini karatasi moja yenye kosa, ikigawiwa kwa akina mama 20, ni jioni nyingi zilizopotea, ni sufu ya fedha iliyokopwa, ni mtoto asiyevikwa wakati wa baridi. Na karatasi moja iliyojaribiwa vema ni kazi njema mara 20, hata kama jina la aliyeijaribu halikuandikwa popote.

Ninyi wanafunzi, jioni ya leo mwombeni mama karatasi anayoifuata. Msomeeni kwa sauti, mstari kwa mstari, mjumlishe vitanzi kando yake kwa kalamu. Ninyi akina mama wa vikundi, chagueni mjaribu mwenye macho makali na ulimi wa kweli, mumshukuru kwa kila kosa atakalolileta. Na kila mmoja wenu, kabla ya kuanzisha vitanzi vya kazi yenyewe, afume kwanza kile kipande kidogo cha mraba, akifue, akikaushe, akihesabu. Sufu itangoja siku mbili bila kuharibika.